Kona ya Chini Kulia

Tumalizane na hili kwanza: mjinga wa siku ile alikuwa Muhuri mwenyewe, hakuna haja ya kumtafuta mwingine. Siku hizi hata yeye akisimulia kisa hiki huanza na maneno hayohayo, "Mjinga nilikuwa mimi," na huyasema haraka, kabla mkewe hajamtangulia.

Muhuri halikuwa jina lake. Alipachikwa na wateja wa studio yake, chumba kimoja chenye pazia la bluu, taa mbili za kusimama, na kompyuta iliyokuwa ikiguna kila ikiwashwa kama mtu mzima anayeinuka kitini. Miaka sita nyuma alimpiga picha mtoto wa jirani akicheka, povu la sabuni limemjaa usoni. Ikampendeza, akaitupa mtandaoni hivihivi, bila jina. Baada ya miezi mitatu akaingia dukani kununua sabuni, akamkuta mtoto yuleyule anamchekea kwenye karatasi ya mche. Akazunguka ofisi za watu na picha yake mkononi. Kila mahali swali likawa moja: "Jina lako liko wapi hapa?" Hakuwa nalo. Akarudi nyumbani na ule mche, kwa sababu muuza duka alisema ameshaushika sana.

Tangu hapo hakuna picha iliyotoka studio bila muhuri. Mwanzoni aliuweka popote. Bibi harusi mmoja alirudisha albamu akilia, akisema jina la studio limemlalia kifuani kuliko hata bwana harusi. Mteja mwingine alirudishiwa picha zake nne za pasipoti, kisa ana maandishi kwenye paji la uso. Ndipo Muhuri akakubali kuhamia kona ya chini kulia: utepe mweusi, herufi nyeupe, jina la studio na mwaka. Aliifundisha kompyuta iifanye kazi hiyo kwa mkupuo. Unaweka picha mia tatu, unakwenda kunywa chai, ukirudi zote zimeshavalishwa utepe.

Ukutani, juu ya kiti cha wateja, akabandika tangazo kwa herufi kubwa: PICHA HAIRUHUSIWI KUNAKILIWA, KUKATWA WALA KUBADILISHWA BILA IDHINI YA MWENYE PICHA.

Mama yake, aliyekuja kufagia studio kila asubuhi ingawa hakuna aliyemwomba, alikuwa akilisoma tangazo hilo kwa sauti, neno baada ya neno, ufagio mkononi. Kusoma alikuwa amejifunzia ukubwani, kwa hiyo hakupitisha maandishi bure.

"Hairuhusiwi kukatwa," alisema. "Sasa huyo atakayekuja kukata picha na mkasi ni nani?"

"Mama, ni sheria hiyo."

"Sawa, mwanangu. Nyanyua miguu nifagie sheria."

*

Mama huyo alikuwa ameshona midomo ya magunia miaka ishirini na saba katika kiwanda cha unga. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: gunia linakuja juu ya mkanda, likifika mbele yako unakanyaga mashine, uzi unapita, gunia linakwenda. Ukiwahi, umeshona hewa. Ukichelewa, unga wote uko chini na msimamizi yuko juu yako. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa nyuma ya kiwanda, na ndiko alikozaliwa Muhuri, chini ya king'ora kilicholia mara tatu kwa siku na kuwatoa njiwa wote katika mnara wa nafaka. Wageni waliziba masikio. Muhuri alikisikia akiwa hajafikisha saa moja duniani, na katika utoto wake wote king'ora kile hakikuwahi kumwamsha. Kinyume chake. Akisumbua, mama yake alisubiri zamu ibadilike, kikalia, akalala.

Kiwanda kilifungwa, miaka ikapita, ikaja habari kwamba mnara utaangushwa kwa baruti ili soko jipya lijengwe pale. Wajenzi wakamkodi Muhuri apige picha za kumbukumbu. Mama yake akasema na yeye anakwenda.

"Kufanya nini, Mama? Jua kali."

"Kumuaga. Tumekaa naye miaka ishirini na saba, aondoke kama mwizi?"

Walifika asubuhi. Mkewe Muhuri alibaki studio na wateja. Watu walikuwa wengi nyuma ya kamba ya usalama, na wengi wao walikuwa wafanyakazi wa zamani, wamevaa vizuri kama waliokuja msibani au harusini, hawajaamua bado. Muhuri akasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akaielekeza kwenye kichwa cha mnara, akaambiwa bado. Ikafika saa nne, bado. Saa sita, bado. Siku iliyotangulia alikuwa amesimama harusini tangu mchana hadi alfajiri. Akavuta kiti cha plastiki chini ya turubai, akasema anapumzisha macho dakika mbili.

King'ora cha kwanza kikalia. Kilikuwa kilekile cha kiwanda, wahandisi walikuwa wamekifufua kwa ajili ya onyo. Watu walishtuka, wengine wakashika vifua. Njiwa wakalipuka kutoka mnarani, wakazunguka, wakarudi.

Muhuri akashusha pumzi ndefu, akalala fofofo.

"Wewe," mama yake akamtikisa. "Amka. Vitalia viwili vingine, kisha basi."

Muhuri akatafuna mate, akageuza shingo. King'ora cha pili kikalia. Akaanza kukoroma.

Mama akatazama mwanawe, akatazama mnara. Kamera ile alikuwa akiipangusa vumbi kila siku, na alijua kibonye kiko wapi kwa sababu ndicho alichokatazwa kukigusa. Akaichomoa juu ya miguu yake. Akachungulia, akaona kichwa cha mnara peke yake, hakuna mtu. Haikumpendeza. Akarudi nyuma, hatua moja, hatua mbili, akawapita wachuuzi wa maji, akarudi mpaka wenzake wote wakaingia: wabebaji, wapima mizani, mafundi wa mkanda, wanawake wa kushona. Akaweka kidole juu ya kibonye, akasubiri kama alivyokuwa akisubiri gunia.

King'ora cha tatu. Njiwa wakatoka. Mama hakubonyeza. Baruti ikalia chini, mnara ukatulia kidogo, kisha ukapiga magoti.

Hapo ndipo alipobonyeza. Mara moja tu.

Kishindo kilimfikia Muhuri baadaye kidogo, kikamtupa chini na kiti chake. Akainuka anapepesuka, akainyakua kamera mikononi mwa mama yake, akapiga picha arobaini na mbili za vumbi.

*

Kesho yake kompyuta ikaguna, picha zikafunguka moja moja, na ilipofika ile, Muhuri akaacha kikombe hewani.

Mnara ulikuwa umekunjika katikati kama mtu mkubwa anayeinama kusalimia watoto. Juu yake njiwa, mamia kwa mamia, wametanda katika umbo lilelile la mnara, wima, kana kwamba jengo limeshuka chini na roho yake imebaki imesimama. Na mbele, migongo na nyuso za watu waliogeuka kutazamana, mikono kichwani, vinywa wazi. Hapakuwa na vumbi bado. Ulikuwa ule upenyo mdogo, sekunde moja au pungufu, kati ya kuwepo na kutokuwepo.

Mkewe akaja, akasimama nyuma yake, kitambaa cha kupangusia kikamdondoka. Macho yote yalikuwa kwa njiwa. Mteja aliyekuwa anasubiri picha za pasipoti akasogea naye, akavua kofia.

"Hii," Muhuri akasema kwa sauti ndogo, "nimepiga mimi?"

"Hiyo ni yangu," mama yake akajibu kutoka mlangoni, huku anafagia. "Zako ni za vumbi. Zipo nyingi, utazikuta huko mbele."

Muhuri akacheka. Akaipeleka kwenye mkupuo pamoja na zile arobaini na mbili. Utepe mweusi ukakaa kona ya chini kulia kama kawaida, na picha ikaingia mtandaoni. Kufika jioni ilikuwa imeshatazamwa na watu ambao hawakuwahi kujua kama kuna kiwanda cha unga duniani.

Siku ya tatu akaja Mhandisi, mwanamke mrefu mwenye viatu vya saiti, ndiye msimamizi wa ujenzi wa soko. Alikataa soda. Alisema wanaitaka picha ile ukuta mzima wa lango kuu, upana mita kumi na mbili, urefu mita saba, na watailipia vizuri. Ikae pale maisha. Chini yake kutakuwa na kibao cha chuma chenye jina la aliyeipiga.

"Ila nataka faili la asili," akasema. "Bila huo utepe. Na taarifa za hakimiliki zijazwe humo ndani ya faili, mwanasheria wetu ni mkali. Nani alipiga, nani mwenye haki, lini. Wewe ndiye uliyebonyeza?"

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, anakunja vitambaa. Mke wa Muhuri akaacha kuandika risiti.

"Mimi," akasema Muhuri. Kisha, mkewe akiwa bado anamtazama, akaongeza, "Mama alikuwa msaidizi."

Mama akakunja kitambaa kingine. Mhandisi akamwambia, "Hongera, Mama, una kijana hodari," akaaga. Uchapaji ungekuwa wiki inayofuata, akawaalika wote.

Mlango ulipofungwa, mke akaanza.

"Baba watoto, umesema nini?"

"Nimesema kweli. Kamera ya nani? Kadi ya nani? Betri kachaji nani? Mama kabonyeza tu."

"Na wewe siku zote unafanya nini cha zaidi?"

"Njoo uone." Akafungua picha, akafungua dirisha la taarifa, yale maandishi ambayo picha huyabeba tumboni bila mtu kuyaona: aina ya kamera, namba yake, saa, dakika, sekunde. Na mahali palipoandikwa *mpiga picha*, palikuwa na jina lake kamili. "Unaona? Sijaandika mimi. Kamera yenyewe inasema ni mimi."

"Kwa sababu ulipoinunua uliiambia iseme hivyo! Kamera inajua nani kaishika? Ningeishika mimi nikapiga sufuria, ingesema ni wewe."

"Sasa unataka niandike nini?"

"Aliyekuwa anazunguka ofisi za watu na mche wa sabuni ni nani? Hukulala siku ngapi? Leo umekuwa wewe ndiye mwenye sabuni."

Lile lilimchoma. Akamgeukia mama yake. "Mama, wewe unasemaje? Unataka jina lako liandikwe?"

Mama aliweka vitambaa juu ya rafu, akanyoosha mgongo. "Mimi nimeshona magunia miaka ishirini na saba, mwanangu. Juu ya kila gunia palikuwa na jina la mwenye kiwanda. Andika unachotaka."

Akachukua ufagio wake akatoka. Asubuhi iliyofuata hakuja kufagia. Wala iliyofuata. Muhuri alifagia mwenyewe, vibaya, na akajaza faili kama alivyotaka: mpiga picha, yeye; mwenye hakimiliki, yeye; mwaka. Hakuitazama hata picha yenyewe. Alitazama vile visanduku tu, akahakikisha jina lake halina kosa la herufi, akatuma.

*

Kiwanda cha uchapaji kilikuwa ukumbi mrefu wenye harufu ya wino na mpira. Mashine ingeitoa picha katika vipande vinane, kuanzia kushoto, kila kimoja kikishuka kutoka juu kwenda chini, na mafundi walikuwa wakivitandaza sakafuni vikiwa ubavu kwa ubavu. Mhandisi alikuwapo na fomu yake ya mkataba. Mama alikuja, kwa sababu mkwewe alimfuata nyumbani na kumwambia, "Mama, njoo utazame wenzako, achana na huyu." Nao wenzake wakaja, kumi na wawili hivi, waliosikia.

Kipande cha kwanza kilikuwa anga. Kipande cha pili kikaja na mabawa. Kufika cha tatu watu wakaacha kuongea. Njiwa waliokuwa nukta kwenye kompyuta sasa walikuwa wakubwa kuliko kuku, kila unyoya peke yake, kila jicho. Mnara ulipotoka, ukiwa umepiga magoti, mzee mmoja aliyekuwa mpima mizani akavua viatu bila kuambiwa. Wengine wakavua. Wakaanza kutembea pembeni ya picha, taratibu, wakijitafuta.

"Mimi huyu! Tazama shati!"

"Umeweka mikono kichwani kama umefiwa na mnara."

"Na wewe je? Funga mdomo, njiwa ataingia."

Mama alichuchumaa mbele ya uso mmoja, mwanamke mwenye kilemba cha njano, macho juu. Akaweka kiganja karibu, asiguse. "Huyu alikaa mashine ya pili kutoka kwangu," akasema. "Miaka kumi na tisa. Tumemzika juzi." Hakulia. Alikaa hivyo tu, na ukumbi mzima ukamsubiri. Muhuri akasogea karibu. Alikuwa ameitazama picha hii mara mia, na sasa aliona kwamba hakuwa ameiona. Mtu aliyeipiga alikuwa anamjua kila aliyemo. Alirudi nyuma hatua zile zote ili asimwache mtu nje.

"Kipande cha mwisho," Mchapaji akatangaza. Alikuwa mtu mnene mwenye kalamu sikioni, hapitwi na jambo.

Kikashuka. Anga. Bawa. Ukingo wa turubai, kivuli. Mguu wa meza. Kisha kiti cha plastiki, na juu ya kiti mtu. Kichwa kimening'inia nyuma, mdomo wazi kiasi cha kupitisha ngumi, mkono mmoja umefika chini, kiatu kimoja kimemvuka. Kona ya chini kulia, palepale ambapo utepe mweusi ulikuwa umemfunika. Ukubwa wake ulizidi ule aliopewa na Mungu.

Mashine ikazimika. Mchapaji akainamia, akainua macho, akamtazama Muhuri, akainamia tena.

"Samahani, ndugu yangu," akasema, "huyu si wewe?"

Mke wa Muhuri alicheka mpaka akakaa sakafuni. Wazee wakakusanyika. "Ndiye! Mnara wote unaanguka, yeye yuko kwao anaota!" "King'ora hicho, mnakumbuka? Mama yake alikuwa anasema ndiyo dawa yake!"

Mhandisi hakucheka. Alikuwa na fomu mkononi. "Uliniambia ulibonyeza wewe."

Muhuri alijaribu kufungua mdomo, lakini mdomo wake mwingine, ule wa sakafuni, ulikuwa umeshafunguka na kusema yote. Akawatazama njiwa. Akamtazama mama yake, ambaye bado alikuwa amechuchumaa kando ya yule wa kilemba cha njano.

"Nilidanganya," akasema. "Mjinga ni mimi. Aliyepiga ni Mama. Alirudi nyuma mwenyewe, akasubiri mwenyewe, akabonyeza mara moja. Mimi nilipiga vumbi."

Mkewe akainuka, akajifuta machozi, akaenda kwenye kompyuta ya Mchapaji. Akafungua faili, akafuta visanduku viwili, akaandika jina la mama mkwe wake, majina yote matatu. Akamwita aje asome. Mama alisoma polepole, kidole kikifuata kioo: *mpiga picha*, jina. *Mwenye hakimiliki*, jina. Akarudia mara ya pili. Hakuwa ameliona jina lake likiwa limepigwa chapa tangu kitambulisho cha kiwanda. Akatia sahihi kwenye fomu kwa herufi kubwa, hana haraka, kalamu ya watu akairudisha na kifuniko chake.

Ingefaa iishie hapo. Lakini Muhuri alikuwa anaitazama kona.

"Mama," akasema, "jina ni lako, sina neno. Lakini hapa pembeni. Soko zima litapita langoni. Wateja wangu. Watoto wangu wanakwenda shule."

"Enhe?"

"Tukate kidogo tu. Mita moja na nusu. Nani atajua? Au tusikate. Tuweke utepe, ule wangu, mweusi. Tena tuandike jina lako juu yake, kubwa. Au huyu fundi anifute, anajaza kivuli, dakika kumi. Si unaweza, fundi?"

"Naweza," akasema Mchapaji, "mwenyewe akisema."

Wote wakamgeukia mama. Akasogea mpaka kwenye kona, akamtazama mwanawe aliyelala, akamtazama aliyesimama. Akafunga kanga yake vizuri kiunoni kama mtu anayetaka kufagia.

"Picha hairuhusiwi kunakiliwa, kukatwa wala kubadilishwa bila idhini ya mwenye picha," akasema. "Nami sijaidhinisha."